Uwanja umekarabatiwa, deni limebaki, timu inapigwa: pesa za wachangiaji vyuo vya Marekani hukwama wapi?

#1 Mpekuzi wa Hesabu
Wadau, salaam. Nina swali, na jibu la "ni wizi tu" naomba likae pembeni kwanza.

Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, wenyewe wanakiita Cal, kilikarabati uwanja wake wa mpira wa Kimarekani kwa dola milioni 321 na kuufungua upya Septemba 2012. Jumlisha jengo la mazoezi la Simpson lililojengwa ubavuni mwake, deni likafika kwenye milioni 445. Mpango wa kulilipa ulikuwa huu: viti bora kama 3,000 viuzwe kwa mikataba ya miaka 40 hadi 50, kuanzia dola 40,000 kwa kiti hadi zaidi ya 200,000 kwa vile vya katikati. Lengo, milioni 270. Halikufikiwa. Msimu wa kwanza ndani ya uwanja mpya timu ilishinda 3 ikapigwa 9, kocha Jeff Tedford akatimuliwa. Msimu uliofuata ushindi 1, vipigo 11.

Shabiki aliyelipia kiti bei ya nyumba anapigiwa simu achange tena. Dai langu: hakuna aliyeiba. Kosa ni kuhesabu ahadi kama pesa. Nipingeni.

#2 Pwani Tupu
Nimeleta mkeka na kashata. Endeleeni.

#3 Fundi Mchundo
Mleta mada umeanza vizuri, ila hizo 321 umeziacha zinaning'inia kana kwamba zilinunua marumaru. Uwanja ule ulifunguliwa 1923 juu ya ufa wa Hayward, ufa wa ardhi unaoleta matetemeko, na ufa unapita chini yake karibu goli hadi goli. Ardhi ya pande mbili hutambaa kidogo kidogo kila mwaka hata bila tetemeko, ndiyo maana kuta za zamani zilikuwa zinaachana kwenye maungio.

Walichofanya ni hiki. Vipande viwili vya jukwaa vinavyokaa juu ya ufa vilitenganishwa kabisa na jengo lililobaki, vikakalishwa juu ya tabaka za mchanga na plastiki, ili ardhi ikicheza kila kipande kijizungukie na kuinama chenyewe bila kumvuta jirani yake. Ukuta wa nje wa kihistoria ukaachwa, bakuli la ndani likajengwa jipya.

Sasa nenda kamuuzie mtu kiti kwa kumwambia chini yake kuna mchanga mzuri. Mchangiaji hutoa kwa kitu anachoweza kumwonyesha mgeni wake. Usalama wa tetemeko haubandikwi jina la mtu.

#4 Mama Hatifungani
Niweke hatua zilivyo, maana wengi wanadhani chuo kinapitisha bakuli tu.

Kwanza hufanyika uchunguzi wa kimyakimya: watu 40 au 50 wenye uwezo wanaulizwa faraghani wangetoa kiasi gani. Kisha kipindi cha ukimya, ambapo wakubwa wanafuatwa mmoja mmoja hadi ahadi zifike nusu au hata asilimia 70 ya lengo. Hapo ndipo mkutano wa waandishi unaitishwa. Shabiki wa kawaida anapoona tangazo lenye picha za kompyuta, kazi kubwa imekwisha. Mchango wake wa dola 200 ni wa kuonyesha umoja. Kanuni ya mezani ni kwamba sehemu kubwa sana ya pesa hutoka kwa wachache, na mtoaji wa kwanza anatarajiwa kubeba peke yake asilimia 10, 20, wakati mwingine zaidi.

Sasa shida. Ahadi hulipwa miaka 5. Mkandarasi anamaliza miezi 30. Chukua jengo la milioni 100, ahadi 80 mkononi, malipo ya kwanza siku ya kusaini na mengine kila mwaka. Mwezi wa 30 zimelipwa awamu 3 kati ya 5, yaani 48. Pengo ni 52, na mkandarasi hasubiri. Chuo kinatoa hatifungani, yaani kinakopa kwa wawekezaji kwa hati zenye riba. Milioni 100 kwa riba ya asilimia 5 kwa miaka 30 ni kama 6.5 kila mwaka, timu ishinde isishinde.

Na bado kuna wosia. Mzee wa miaka 70 akiandika kwamba akifa chuo kipate milioni 5, miongozo ya kuhesabu inataka iwekwe safu yake peke yake. Kwenye tangazo inajumlishwa na pesa taslimu, watu wanapiga makofi.

#5 Kijana wa Kamati
Mama #4 umeeleza kamati ya harusi neno kwa neno. Kadi zimerudi zimejaa ahadi, ukumbi umelipiwa kwa mkopo, wiki ya mwisho mweka hazina anapigia watu simu na hazipokelewi.

#6 Chambua Mkataba
Tofauti ni kwamba kwenye harusi huwezi kurudisha pilau. Pale Cal mnunuzi wa kiti aliruhusiwa kulipa kwa awamu, na anayelipa kwa awamu angeweza kuacha njiani, akapoteza kiti, yakaisha. Kwa hiyo kile kilichoitwa mauzo ya miaka 40 kwa wengi kilikuwa ukodishaji wa mwaka mmoja mmoja wenye jina kubwa. Kwenye jedwali la makadirio kiliwekwa kama mapato ya uhakika. Halafu hesabu yenyewe ilitegemea kwamba pesa za viti zitawekezwa na faida ndiyo ilipe deni. Viti vilinadiwa wakati uchumi wa dunia unaporomoka, 2008 na kuendelea. Awamu zikichelewa, mtaji wa kuwekeza haupo. Mtaji usipokuwepo, faida haipo. Riba ya hatifungani ipo palepale.

Mleta mada yuko sahihi, ila nusu. Hata ahadi zote zingelipwa kwa wakati, mpango ulihitaji soko la mitaji likubali.

#7 Mzaramo wa Ohio
Mnaisahau kodi. Tangu miaka ya 1980 sheria iliruhusu asilimia 80 ya mchango unaokupa haki ya kununua tiketi ikatwe kwenye mapato yanayotozwa kodi. Unachanga 10,000 ili uruhusiwe kununua tiketi za msimu, 8,000 unaziondoa. Ukiwa kwenye daraja la asilimia 33, serikali imekurudishia 2,640. Sheria ya kodi ya Desemba 2017 ikafuta hilo kuanzia Januari 1, 2018. Desemba ile vyuo vilikuwa vinawasihi watu walipe michango ya miaka ijayo kabla ya mwaka kuisha. Waliolipa mapema hawakuwa na cha kulipa baadaye, ambao hawakulipa wakaona mchango umepanda bei bila chuo kugusa bei. Hapo ndipo hasira ilipoanzia.

#8 Mpekuzi wa Hesabu
Mzaramo, tazama tarehe. Cal ilikwama kabla ya 2012. Sheria yako ni ya 2017. Jeraha haliwezi kutangulia kisu.

#9 Mzaramo wa Ohio
Nimekubali kwa Cal. Kwa hasira ya leo sikubali. Mtu anayelalamika sasa hivi kwamba mchango wa kiti haumpi chochote, kwa upande wa kodi anasema kweli.

#10 Kisa Kirefu
Kama mnataka hesabu ya kuota ndoto, nendeni chuo cha Oklahoma State. T. Boone Pickens, tajiri wa mafuta, aliipa idara ya michezo dola milioni 165 mwishoni mwa 2005. Pesa zile hazikulala benki. Zilirudi kuwekezwa kwenye mfuko wake mwenyewe. Zikapanda sana, kisha 2008 zikaporomoka, na kijiji cha michezo kilichokuwa kimechorwa kikasimama. Uwanja wenye jina lake ulikwisha, mengine yakasubiri miaka.

Lakini kali ni ya 2007. Chuo kiliwakatia bima ya maisha wafuasi wake 27, wenye umri wa miaka 65 hadi 85, dola milioni 10 kila mmoja, na mlipwaji ni idara ya michezo. Yaani kila mzee akifariki, jengo linapata matofali.

#11 Pwani Tupu
27 mara 10 ni 270. Tena 270! Hii namba ina jini.

Na hao wazee walikuwa wanaalikwa kwenye mechi na kukaangiwa mafuta mengi kimakusudi, au?

#12 Mama Hatifungani
😂 Walikuwa na afya njema, ndiyo shida yenyewe.

Bima ya namna hiyo inaenda hivi: kampuni imeshapiga hesabu ya vifo, na premiamu ya mtu wa miaka 75 ina hesabu hiyo ndani yake. Ili upate faida, watu wako lazima wafariki haraka kuliko jedwali la kampuni. Chuo kililipa premiamu za miaka miwili, jumla kama milioni 33, hakufa hata mmoja. Kikasitisha 2009, kikaenda mahakamani kudai kirudishiwe, kikashindwa. Hizo 33 ni pesa halisi zilizotoka, wala si ahadi. Kwa hiyo mleta mada, hapa dai lako halifanyi kazi. Hapa kosa ni kuazima faida ya wakati ujao, kama Chambua alivyosema #6.

#13 Msoma Vitabu
Mmebaki kwenye njia za kupata pesa, hakuna anayeuliza zinaenda kununua nini. Chuo cha LSU kule Louisiana, 2019: vyumba vya wachezaji vya kubadilishia nguo na maeneo yake vimekarabatiwa kwa dola milioni 28, kila mchezaji ana kibanda chake kinacholalika kama kiti cha ndege cha daraja la kwanza. Wakati huohuo maktaba kuu ya chuo hichohicho inavuja maji, picha za ndoo zikasambaa. Clemson jengo lao la milioni 55, lililofunguliwa 2017, lina bembea ya kuteleza na gofu ndogo.

Mwanafunzi hawezi kulala kwenye bembea ya mtu mwingine. Hasira nyingine si ya mashabiki, ni ya wenye chuo.

#14 Chambua Mkataba
Msoma, pale LSU waliotoa ni wachangiaji binafsi na mkataba wa mchango hufunga pesa kwenye kazi iliyotajwa. "Kwa ajili ya vyumba vya wachezaji" ikishaandikwa, mkuu wa chuo akizipeleka kwenye paa la maktaba anashtakiwa. Swali zuri zaidi ni kwa nini ofisi ya maktaba haina watu wa kuchangisha kama ofisi ya michezo.

Na mchangiaji naye hudhani amenunua zaidi ya kilichoandikwa. Chuo cha UConn kule Connecticut, Januari 2011: Robert Burton, ambaye jina lake liko kwenye jengo la timu, aliandika barua akitaka arudishiwe dola milioni 3 na jina liondolewe kwa sababu hakushirikishwa kumchagua kocha mpya. Baadaye walipatana. Mkataba wa jina haukumpa kura ya kocha, lakini mwaka baada ya mwaka mtu anapokirimiwa kama mwenye nyumba, ataingia hadi jikoni.

#15 Kijana wa Kamati
UConn si ndiko alikopita Hasheem Thabeet wetu? Basi jengo la kikapu lilijengwa kwa jasho la Mtanzania, tudai jina.

#16 Msoma Vitabu
Thabeet alicheza pale 2006 hadi 2009, akachaguliwa wa pili na Memphis mwaka huo. Kituo kipya cha mazoezi ya kikapu kilifunguliwa 2014. Jasho lilikauka miaka mitano kabla, Kijana. Na jengo la Burton ni la mpira wa Kimarekani.

#17 Kipa wa Akiba
Turudi Cal maana hamjamaliza vituko. Viti viliposuasua, wakauza jina la eneo la kuchezea kwa kampuni ya sarafu za kidijitali ya FTX, mwaka 2021. Malipo kwa sarafu hizohizo. Novemba 2022 kampuni ikafilisika, jina likafutwa nyasini. Uwanja ambao ardhi yake inatembea ukamtafuta mdhamini ambaye pesa zake nazo zinatembea.

#18 Chambua Mkataba
Kuweka sawa: dola milioni 17.5 kwa miaka 10. Yaani 1.75 kwa mwaka. Riba ya deni la uwanja ilikuwa ikikaribia milioni 18 kwa mwaka. Hata FTX ingekuwa salama kama mlima, ingelipa karibu sehemu moja ya kumi. Watu walicheka kufilisika, hawakuona kwamba mkataba ulikuwa mdogo tangu siku ya kwanza.

#19 Mzaramo wa Ohio
Hizi zote ni za jana. Hasira ya leo ina sababu yake mpya. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo: vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kikomo dola milioni 20.5 kwa mwaka wa 2025/26, na kikomo kinapanda. Kabla yake, tangu Julai 2021, wachezaji walikuwa wakilipwa kwa jina na sura yao kupitia vikundi vya wafuasi. Kwa hiyo mfuko uleule wa shabiki sasa unapapaswa na mikono mitatu: jengo, kikundi cha kulipa wachezaji, na idara yenyewe inayotafuta hizo 20.5.

Tennessee hawakuzunguka. Septemba 2024 walitangaza tiketi za msimu wa 2025 zitaongezwa asilimia 10 ya "ada ya vipaji". Wengine wanaificha kwenye maegesho.

#20 Kisa Kirefu
Mzaramo, shabiki akitaka anatoa. Chuo cha SMU pale Dallas, Septemba 2023, walikubali kuingia ligi ya ACC bila kupokea mgao wa televisheni kwa miaka 9. Ndani ya wiki moja wachangiaji wakaweka dola milioni 100. Hakuna aliyelia.

#21 Mama Hatifungani
Kisa, hao si mashabiki kwa maana ya uzi huu. Ni kama watu 30 wanaotosha kwenye chumba kimoja. Wastani wake ni zaidi ya milioni 3 kwa kichwa. Cal waliingia ligi hiyohiyo 2024 kwa mgao wa asilimia 30, na hawana chumba cha namna hiyo. Wana wahitimu wengi mno walioenda chuoni kusoma fizikia. Idadi ya mashabiki haisemi uwezo wa kuchanga. Umbo la orodha ndilo linasema: ukikosa watu wawili wa juu kabisa, unahitaji mamia wa chini kufidia, na kumfuata kila mmoja kunagharimu mishahara.

#22 Mbio Ndefu
Samahani nimechelewa uzi. Hivi huo uwanja wa Hayward si ndio Phil Knight wa Nike aliujenga kwa pesa zake? Sasa deni linatoka wapi tena?

Halafu Berkeley mnaitaja kama shimo la madeni tu. Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Washington State, aliweka hapo rekodi ya dunia ya mita 5,000, Aprili 8, 1978, dakika 13:08.4. Ya kwanza kati ya rekodi nne ndani ya siku 81. Heshima kidogo.

#23 Fundi Mchundo
Umechanganya Hayward mbili, mkuu. Ufa wa Hayward uko California, jina la mji. Hayward Field iko Eugene, Oregon, jina la kocha Bill Hayward. Ule wa Eugene ndio wa Knight. Na Rono alikimbilia Edwards Stadium, uwanja wa riadha wa Berkeley, si huu tunaoujadili.

#24 Mbio Ndefu
Nimekosea, asante Fundi. Ila hapohapo Eugene pana funzo la kinyume. Uwanja ulikwisha 2020, pesa nyingi za Knight na wenzake, gharama ikitajwa kupita dola milioni 270 (Pwani Tupu, jini wako huyo), bila kumsukumia shabiki deni. Na bado watu walikasirika. Jukwaa la mashariki la mbao, la tangu 1925, lilibomolewa 2018, watu waliandamana na kuandika maombi. Uwanja mpya una viti 12,650 na njia ya mbio nzuri kupindukia. Mashindano ya dunia ya 2022 yalifanyika hapo. Anayelipa ndiye huchagua kinachobomolewa. Kwa hiyo kusema hasira inatokana na deni, sidhani.

#25 Kipa wa Akiba
Mnazunguka mbuyu. Timu ikishinda hakuna anayeuliza hatifungani. Texas A&M walikarabati Kyle Field kwa kama dola milioni 485, wakamaliza 2015, kelele kidogo. Kelele zilikuja Novemba 2023 walipomfukuza Jimbo Fisher na kukubali kumlipa zaidi ya milioni 75 akae nyumbani. Shabiki anapiga hesabu: mchango wangu wa kiti umelipa mtu asifanye kazi.

#26 Msoma Vitabu
Kipa, Nebraska wamejaza uwanja mfululizo tangu Novemba 1962, na humo ndani kuna miaka mingi ya kupigwa. Ushindi hautoshi kueleza.

#27 Kipa wa Akiba
Kuna miaka wafadhili walinunua tiketi zilizobaki ili mfululizo usikatike. Hicho ni kiburi, si kujaa.

#28 Msoma Vitabu
Kiburi nacho hulipa bili. Nina mfano wa hukohuko Cal. Septemba 2010, wakati uwanja mkubwa unakopewa mamilioni, chuo kilitangaza kufuta besiboli na michezo mingine kwa kukosa pesa. Wafuasi wa besiboli wakachangisha kama milioni 9 hadi 10 ndani ya miezi, timu ikarudishwa Aprili 2011, na Juni ileile ikafika fainali za taifa kule Omaha. Njiani ilibidi icheze mechi za hatua ya mwisho kabla ya Omaha ugenini Santa Clara, kwa kuwa uwanja wao haukuwa na taa. Taa! Milioni 321 ng'ambo ya pili, huku hamna taa.

Wafuasi wa chuo kilekile kilichoshindwa kufikia lengo la viti ndio waliotoa hizo. Waliambiwa: lengo hili, tarehe hii, ikishindikana timu imekufa.

#29 Fundi Mchundo
Mfano mzuri, ila kumbuka kuokoa timu ni gharama ya kuendesha, si jengo. Jengo lina mdomo wake baada ya kufunguliwa. Kanuni inayotumika vyuoni ni kutenga asilimia 2 hadi 4 ya thamani ya jengo kila mwaka kwa matengenezo. Kwa 321 ni kati ya 6.4 na 12.8. Zulia la nyasi bandia ni miaka 8 hadi 12, nyuzi zinalala, chembe za mpira zinahamia pembeni na katikati panakuwa pagumu. Unalazimika kupima ugumu wa uwanja na kuongeza chembe kila msimu. Skrini kubwa miaka 10 vipuri hakuna. Hakuna mchangiaji anayetoa kwa ajili ya pampu ya maji taka. Ndiyo maana vyuo vyenye akili hudai sehemu ya kila mchango mkubwa iende mfuko wa matengenezo kabla jina halijabandikwa.

#30 Pwani Tupu
Mama Hatifungani, nina binamu Houston anatumiwa hizi fomu kila Februari. Aangalie nini kabla hajasaini?

#31 Mama Hatifungani
Aulize pesa taslimu zilizoingia ni ngapi, si zilizoahidiwa. Wakijibu kwa asilimia ya lengo bila kutaja dola, hiyo tayari ni jibu. Aulize ujenzi umeidhinishwa kuanza kwa kiwango gani cha ahadi na pengo litajazwa na nani: idara, chuo kizima, au ada za wanafunzi.

Kwenye mkataba wake mwenyewe asome mambo ya kiti. Mchango wa kila mwaka hununua haki ya kununua tiketi, tiketi yenyewe hulipwa kando. Pointi za kipaumbele, zile unazopata kwa kuchanga na zinazoamua ukae wapi, huhesabiwa upya. Aliyetoa miaka 20 anaweza kusogezwa kona na mgeni aliyetoa mara moja kubwa, na hapo ndipo nimeona malalamiko mengi kuliko kwenye bei. Aangalie kama haki inarithiwa au inakufa naye, na kama chuo kinaweza kumhamisha wakikarabati upande wake. Asitarajie nafuu ya kodi kwa sehemu inayompa tiketi. Na kama anataka kusaidia nyasi, taa au maktaba, aandike hivyo kwenye hundi na kwenye barua. Hundi isiyo na maelezo huenda kunakovuja zaidi.

#32 Mpekuzi wa Hesabu
Nimewasoma wote. Nabaki na dai langu kwa Cal, natoa kwa Oklahoma State, na kwa Eugene sijui niseme nini.

Nyongeza moja. Mwaka 2018 chuo kizima kilichukua sehemu ya deni iliyotokana na kuimarisha jengo dhidi ya tetemeko, ikatoka kwenye vitabu vya idara ya michezo. Fundi utafurahi: mchanga wako umepata mlipaji. Ila malipo ni ya riba tupu hadi 2032. Deni lenyewe linaanza kuguswa baada ya hapo.

#33 Kijana wa Kamati
Kwa hiyo aliyenunua kiti 2012 kwa miaka 40, nusu ya mkataba wake itakuwa imepita na mtaji wa deni haujapungua hata senti?

#34 Chambua Mkataba
2032 ndiyo nusu kamili. Umepiga hesabu vizuri leo, kamati itakurudisha uweka hazina.

#35 Pwani Tupu
Basi 2032 tukutane hapahapa. Mkeka nauacha.

#36 Fundi Mchundo
Angalia tu usiutandike juu ya ufa.